Jina Moja la Sarafu ya Kioo

Hapo zamani, si ile ya sungura kumdanganya fisi, bali hii ya karibu ambayo waliokuwapo wengine bado wanakohoa, alikuwapo seremala mmoja mjini Lushoto, kule juu milimani, jina lake Singano. Sogeeni. Hadithi hii haina jini wala zimwi. Ina watu wanne na sarafu moja, na kila mtu kati ya wanne hao alitenda jambo kubwa, na kila mmoja alikosea. Nitawapa mmoja mmoja. Mshikeni kila mmoja vizuri, maana mwishoni nitawadai.

Singano alikuwa na mke, Saumu, na mtoto mmoja wa kike, Hidaya, ambaye wakati huo alikuwa anatambaa.

Siku hizo Wazungu wenye mashamba walikuwa wanafunga virago, Uhuru unabisha hodi. Kila mara palikuwa na mnada. Vyombo vinatolewa uani, dalali anapaza sauti, watu wananunua: huyu kitanda, huyu masufuria, huyu kinanda asichojua kukipiga. Singano akaenda kwenye mnada wa mkulima mmoja mzee aliyekuwa akiishi peke yake. Akanunua meza ya kuandikia iliyovunjika mguu. Meza yenyewe hakuitaka. Alitaka mbao zake, maana zilikuwa kavu na nzito, za kutengenezea kitanda cha mtoto.

Akaifikisha karakanani, akaanza kuibomoa. Nyuma ya droo palikuwa na nafasi iliyofichwa, na ndani yake kiboksi cha ngozi nyekundu. Akakifungua. Akajiona.

Ndiyo, akajiona. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya dhahabu, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, na uso wake ulikuwa kioo. Upande mmoja kichwa cha mfalme wa Waingereza. Upande wa pili mtu aliyepanda farasi, anamkanyaga joka. Farasi na joka walisimama juu ya kioo kile kama waliosimama juu ya maji yaliyotulia.

Singano angeweza kunyamaza. Nani angejua? Meza aliinunua mbele za watu. Lakini alimwambia mkewe, "Mimi nimenunua mbao, sikununua dhahabu." Akapanda lori la mboga mpaka Tanga. Akamkuta yule mzee bandarini, mizigo yake imekwisha kupakiwa. Akampa kiboksi.

Mzungu alipokiona aliketi juu ya sanduku.

"Nilidhani imeibwa," alisema. "Miaka mingi nimewatazama watu kwa jicho baya kwa ajili ya kitu hiki, kumbe nilikificha mwenyewe nikasahau."

Akaitazama sarafu kwa muda. Akafunga kiboksi, akakirudisha mkononi mwa Singano.

"Meza niliiuza pamoja na kilichokuwamo. Na wewe umekuja kunirudishia. Basi ni yako mara mbili. Ila nisikilize, fundi. Sarafu hii haikupigwa kwa ajili ya kununulia chumvi. Ilipigwa ionekane tu, mfalme aone kazi ya mafundi wake. Usiiguse uso kwa kidole. Usiisugue kwa kitambaa. Siku utakayoisugua, umeiua."

Singano akarudi. Akamwita mkewe, akafunga mlango, akamwonyesha. Kisha akamwambia, "Saumu, niapie. Isiguswe. Isionyeshwe. Isiuzwe, ila siku ambayo hatuna njia nyingine kabisa."

Saumu akaapa.

Mvua za vuli hazijaisha, Singano akateleza juu ya paa la msikiti aliokuwa akiupaua. Alizikwa siku hiyo hiyo.

Huyo ndiye Singano. Mshikeni hapo.

Sasa mshikeni Saumu. Alibaki mjane, mtoto mgongoni, na kiapo kifuani. Kiboksi alikishonea ndani ya mto wa sufi, akawa anaulalia. Akauza randa na misumeno ya marehemu. Akauza mbuzi. Ukaja mwaka wa njaa, mahindi yakakauka yakiwa yangali na nywele, akauza kitanda, akalala chini, mto ule ule chini ya kichwa. Alikula mchunga, mboga ya porini, mchungu usiotiwa chumvi, mpaka midomo ikapasuka. Sonara wa kutembeza alipita akiuliza mlango kwa mlango, "Mna dhahabu? Hata hereni moja iliyovunjika?" Saumu akamjibu, "Dhahabu kwangu? Baba, huoni mlango wenyewe ni gunia?"

Kila siku alijiuliza: je, leo ndiyo ile siku? Na kila siku alijijibu: bado, njia nyingine ipo.

Hidaya akakua. Akawa mtoto wa kushika namba moja darasani, tena si kwa kubahatisha. Alipomaliza la saba akachaguliwa kwenda sekondari ya mbali, ya bweni. Zilitakiwa sare, godoro, sanduku na nauli. Mwalimu wake akapanda kilima mwenyewe mpaka nyumbani.

"Mama Hidaya," alisema, "nafasi hii hairudi. Uza chochote ulicho nacho."

Saumu alikuwa ameketi mkekani, ameegemea mto.

"Mwalimu, sina cha kuuza."

Alisema hivyo akiwa ameuegemea. Moyoni alijiambia: mtoto ana mikono, na mikono ni njia. Ile siku bado.

Hidaya hakulia mbele ya watu. Alifunga madaftari yake kwa kamba ya mgomba, akayaweka juu darini, na wiki iliyofuata akaenda kuchuma chai shambani. Kikapu mgongoni, ukungu machoni. Mikono yake ikaingia rangi ya majani ya chai, rangi ile isiyotoka kwa sabuni. Wenzake aliokuwa akiwafundisha hesabu walirudi likizo na viatu vyeupe, wakawa wanamsalimia kwa Kiingereza kidogo, kwa mzaha. Yeye aliwajibu kwa Kiswahili.

Basi miaka ikaenda. Hidaya akawa mtu mzima. Mwaka mmoja Saumu alishikwa na kichomi, akalazwa hospitali. Hidaya akabaki nyumbani, akasema, ngoja nianike matandiko ya mama, atakaporudi akute yana harufu ya jua. Akauchukua ule mto. Mto wa sufi, mbona mzito? Akaupapasa. Akakata uzi.

Mama aliporudi, amejikongoja mpaka mlangoni, alimkuta binti yake ameketi mkekani na kiboksi chekundu mapajani.

"Mama, hii nini?"

Saumu akashika mwimo wa mlango.

"Ni ya baba yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ukitambaa."

"Kwa hiyo siku ya mwalimu ilikuwepo?"

Saumu akautazama mto uliokatwa uzi.

"Mama, nakuuliza. Siku mwalimu amesimama hapo uliposimama wewe sasa, ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Niliapa, mwanangu."

"Uliapa kwa nani? Kwa maiti! Na mimi niliyekuwa hai?"

Akasimama, akampita mama yake mlangoni bila kumshika mkono, na wote mnajua maana ya mtoto kumpita mama mgonjwa mlangoni. Akashuka Tanga na kiboksi ndani ya kanga.

Mjini Tanga palikuwa na sonara mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa hapo hapo Tanga, jina lake Mansukh. Hakuwa na mtoto. Mkewe alikwisha kufariki. Alichokuwa nacho ni mkono wake wa kulia. Mkono ule ulifuma nyuzi za dhahabu nyembamba kama unywele, na nyuma ya kila hereni aliipigia alama yake ndogo, ua la majani manne. Maharusi wa Pangani mpaka Korogwe walikuwa wakigeuza hereni kwanza kutafuta ua lile.

Hidaya aliingia akiwa amelowa jasho. Juu ya moto wa mkaa palikuwa na chungu cha kuyeyushia, na ndani yake dhahabu ya Mansukh mwenyewe imekwisha kuwa maji, inacheza.

"Mzee, nina dhahabu. Iyeyushe."

"Mbona haraka, binti? Lete nione."

Mzee akafungua kiboksi. Akashika kipande cha pamba kwa mkono wa kushoto, akasogeza kiboksi kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya sarafu aliliona jicho lake mwenyewe, na kope zake, moja moja.

"Nani aliyefanya kazi hii?" aliuliza, kama aliyejiuliza mwenyewe. Kisha akasema, "Binti, nimeyeyusha pete za watu waliofiwa. Nimeyeyusha mikufu ya bibi yangu mzaa mama. Hii siyeyushi."

"Ni yangu."

"Ni yako. Peleka kwa mwingine."

"Sitaki mwingine! Sitaki kuiona ikiwa nzima hata dakika moja! Unajua imenilia nini?"

Na kabla mzee hajafunga kiboksi, Hidaya alikipokonya, akakipindua juu ya moto.

Sarafu ikatoka. Ikaelekea chunguni, na dhahabu inachemka chini yake. Hapo Mansukh hakufikiri. Kwa mkono wa kulia, mtupu, bila koleo, alisukuma chungu. Kwa mkono wa kushoto aliidaka sarafu kwa ile pamba. Chungu kikapinduka. Dhahabu ikamwagikia vidole vya kulia.

Sitawaeleza ukelele wake. Mliowahi kuunguzwa na mafuta ya moto mnajua kiasi, na hiyo ilikuwa dhahabu.

Hidaya alikuwa amejifunika uso. Alipofunua, aliona moshi, chungu kimelala, na dhahabu sakafuni imeanza kuganda. Mzee amepiga magoti, mkono mmoja ameuinua juu, mwingine ameufumbata tumboni, chini ya aproni.

"Mzee! Mzee, nisamehe! Na sarafu? Imeyeyuka?"

Chini ya aproni, ndani ya pamba, sarafu ilikuwa salama. Mansukh alimtazama yule binti. Machozi yanamtoka kwa maumivu. Akasema:

"Imeyeyuka."

Mmesikia? Alisema imeyeyuka.

"Chukua hii iliyomwagika," akaongeza. "Ikipoa, ikusanye yote. Ni nyingi kuliko yako. Nenda."

Hidaya hakwenda mara moja. Alikimbia kuita watu, wakampeleka mzee hospitali. Kisha akakusanya ile dhahabu yenye vumbi, akapanda mlima, akaiweka mapajani mwa mama yake.

"Kiapo chako hicho," akamwambia. "Kimeyeyuka."

Saumu alilitazama donge lile. Hakumpiga, hakumlaani. Aligeukia ukuta. Tangu siku hiyo chakula kikawa kinarudi kama kilivyokwenda. Hidaya, ambaye hasira zilikuwa zimemshuka na kumwacha mtupu, alikuwa anamkalia pembeni na bakuli la uji. "Mama, kunywa japo kidogo." Ukuta ndio uliomjibu.

Na Tanga? Vidole vya Mansukh vilipona vibaya. Vilijikunja kama makucha ya kuku, havishiki tena tupa wala uzi. Duka alilifungua kila asubuhi kwa mazoea, lakini kazi hakuna. Alijifungia chumba cha nyuma, akakitoa kiboksi, akaitazama sarafu. Maisha yake yote alitengeneza vitu vya kuwauzia wengine. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza ambacho hakutaka mtu mwingine akione. Akailaza juani, farasi akawaka. Akailaza kivulini, joka akaamka. Na kila alipoinama karibu, ndani ya kioo kile aliliona jicho. Mwanzoni aliliona ni jicho la fundi. Masika yalipokatika alikwisha kuliona ni jicho la mwizi.

Akafunga duka. Akapanda basi la Lushoto, maana waliompeleka hospitali walimwambia binti yule ni mchuma chai wa huko. Akauliza, "Kwa yule binti wa chai, aliyekuja Tanga na dhahabu, ni wapi?" Watu wakamwelekeza.

Alimkuta Hidaya uani. Hidaya alipouona ule mkono alianguka miguuni pake. Mansukh akamwinua.

"Inuka, binti. Anayepaswa kuinama ni mimi. Nilikudanganya."

Akaingia ndani. Bi Saumu alikuwa amelala, uso ukutani, amebaki mifupa. Mansukh akaweka kiboksi kwenye mkeka, karibu na pua yake. Mama yule hakufumbua macho. Alinusa. Harufu ya ngozi ile alikuwa ameilalia tangu ujana wake. Mkono wake ukatambaa mkekani, polepole, ukakishika.

"Hidaya," akasema, "niletee uji."

Alipopata nguvu ya kuketi, aliwaita wote wawili, binti na sonara. Akasema, "Singano aliniambia isiuzwe ila siku ambayo hatuna njia nyingine. Nilidhani anasema njaa. Sasa naona. Hatuna njia nyingine ya kuishi, mimi na mwanangu, ndani ya nyumba moja na kitu hiki. Kiuzwe. Na huyu mzee apate fungu lake."

Juu ya mafungu hawakugombana. Waligawana kwa maneno machache, wakapeana mikono, na Mansukh akatoa wa kushoto, akaomba radhi kwa kutoa wa kushoto.

Mansukh alimfahamu dalali mmoja Dar es Salaam, mwanamke wa Kichaga aitwaye Aikande, ambaye minada yake haikuwa ya mbuzi wala ya magari. Ilikuwa ya vitu vya kale. Aikande alivaa glavu nyeupe, akaishika sarafu kwa kingo zake, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Wote watatu walikuwa wamemzunguka.

"Mnajua mmeleta nini?" akauliza. "Hii ni sarafu ya kielelezo. Sarafu ya kawaida hupigwa haraka, maelfu kwa maelfu, iende sokoni. Hii, muhuri wa kuipigia ulisuguliwa kwanza ukang'aa, na dhahabu ikasuguliwa ikang'aa, kisha ikapigwa taratibu, tena na tena, ndipo ikatoka kioo. Walipiga chache mno. Na katika hizo chache, nyingi zilikufa mikononi mwa watu: huyu kaigusa, huyu kaisugua iwapendeze wageni. Hii ni hai." Akainamisha kioo. "Ina mkwaruzo mmoja tu, mwembamba kama unywele, hapa shingoni mwa farasi."

"Ni pamba yangu," alisema Mansukh kwa sauti ya chini.

Siku ya mnada ikafika. Ukumbi wa hoteli, feni zinazunguka, viti vimejaa. Wakusanyaji walitoka kila upande. Wengine hawakuja, wako ng'ambo, wanazungumza kwa simu, na vijana wa Aikande wameshika mikono ya simu masikioni. Mbele kabisa alikuwa ameketi mzee mmoja wa Mombasa, Sharifu Badawi, aliyekusanya sarafu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Watu walisema anaweza kusafiri siku nzima kwenda kutazama sarafu moja, akaitazama, akarudi bila kununua, na akalala na furaha.

Sarafu yetu ikatolewa. Ukumbi ukanyamaza kama msikiti imamu anaponyanyua mikono.

Aikande akataja bei ya kuanzia. Mkono ukainuka. Simu ikajibu. Mkono mwingine. Simu nyingine. Bei ikapanda kama maji ya mto uliozibwa. Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango wa pembeni, Saumu, Hidaya na Mansukh walikuwa wamesimama, hakuna anayemtazama mwenzake. Wanunuzi wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Mwisho wakabaki wawili: simu moja ya ng'ambo, na Sharifu Badawi.

Simu ikapandisha. Sharifu akapandisha. Simu ikapandisha tena. Hapo Sharifu hakuinua mkono. Alisimama.

"Mama dalali," alisema, "dhahabu naweza kununua popote. Mimi nanunua uzima wa kitu hiki. Dunia imepita na njaa, na wezi, na wajinga, na hakuna aliyeiharibu. Nani aliyeitunza? Sarafu za namna hii huitwa kwa jina la aliyetunza. Nikifa itauzwa kwa jina hilo, na atakayeinunua akifa itauzwa kwa jina hilo. Nitajie jina, nami nitampita huyu wa simu. Bila jina naketi."

Ukumbi ukageuka kutazama nyuma. Aikande akaweka nyundo mezani, akaomba radhi, akawavuta watatu wale kwenye chumba cha pembeni.

"Haraka," akasema. "Wa simu akichoka atakata. Sharifu akiketi hasimami tena. Niandike jina gani? Moja. Desturi yao ni moja."

"Singano," alisema Bi Saumu papo hapo. "Bila Singano ingekuwa Ulaya. Aliiokota akairudisha. Nani kati yetu angerudisha? Mwenyewe aliambiwa ni yake mara mbili."

Hidaya akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Baba aliishika kwa siku chache, mama. Akakuachia kiapo, akaenda zake. Bila mimi kukosa shule ingekuwa imeuzwa tangu siku ya mwalimu, ikasuguliwa na sonara wa kwanza. Hiyo sarafu imeishi kwa kula shule yangu! Mnasema imetunzwa, ilitunzwa kwa nini? Kwa mikono hii." Akaitoa mikono yake, ya rangi ya chai. "Jina langu halikuitwa shuleni. Liitwe hapa."

"Binti," alisema Mansukh, "na mimi je? Bila mimi ingekuwa maji. Wewe ndiye uliyeirusha motoni. Sikukumbushi kwa ubaya, nakukumbusha kwa kuwa ni kweli. Mkono wangu huu ndio uliokuwa jina langu. Sina mtoto wa kunitaja. Lile ua langu halitapigwa tena nyuma ya hereni ya mtu. Hata sarafu yenyewe ina alama yangu shingoni mwa farasi."

"Uliiiba, mzee," Hidaya akasema.

"Niliiiba. Nikairudisha."

"Mama alikuwa anakufa!"

"Nikairudisha, binti, na hakuna aliyekuja kuniomba."

Kupitia mlango, sauti ya kijana wa simu ilisikika: "Anauliza kama tunaendelea."

Ndipo Mansukh akamgeukia Bi Saumu. "Mama, umemtaja marehemu. Mbona hujitaji? Bila wewe ingeliwa katika ule mwaka wa njaa."

Bi Saumu alikuwa ameketi, kanga ameibana kidevuni.

"Nijitaje kwa lipi?" alisema. "Nililala juu ya dhahabu nikamwambia mwalimu sina cha kuuza. Nilikula mchunga, ndiyo. Kila siku nilitaka kuukata ule uzi, na kila siku mkono wangu niliurudisha. Hakuna mtu wa kunisifu na hakuna wa kunizuia. Kama huko ni kutunza, nilitunza. Kama ni ukatili, nao nilikuwa nao. Ukweli wake mimi mwenyewe sijui."

Hidaya alimtazama mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mto, alimshika bega. Lakini hakusema, "Basi, liwe jina lako." Bado alitaka liwe lake.

Aikande akafungua mlango nusu. Sharifu Badawi alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye kiti, kama mtu anayekaribia kuketi.

"Sina muda," dalali akasema. "Amueni."

Mansukh akasema, "Aseme mama. Yeye ndiye aliyekaa nayo kuliko sote. Atakayemtaja, mimi nitakubali."

Hidaya akaitazama mikono yake. Kisha akasema, "Na mimi nitakubali."

Bi Saumu akainuka. Akasimama mlangoni, ukumbi mzima unamtazama, Aikande amekwisha kurudi mezani na kuinua nyundo. Mbele ya moyo wake walisimama watu wanne. Mume aliyeirudisha dhahabu ambayo hakuna aliyemdai, kisha akamtwisha mkewe kiapo kizito kuliko jeneza. Binti aliyelipa gharama yote bila kujua analipa, na alipojua akaitupa motoni. Mgeni aliyetoa mkono wake kuiokoa, kisha akaificha. Na wa nne ni yeye mwenyewe, aliyeilinda kwa njaa yake, na kwa shule ya mwanawe.

Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Mimi naishia hapo alipofungua kinywa. Sasa nawadai, kama nilivyowaambia. Msinijibu wote kwa pamoja, na asiniambie mtu kwamba yaandikwe majina yote manne, maana Sharifu ametaka moja na mkono wake uko kwenye kiti. Wewe ungekuwa Bi Saumu, mlangoni pale, ungemtaja nani? Je, nani alistahili?